Ganda kwa Ganda: Kiasi cha Baruti Bonde la Kilombero

Sanduku lilikuwa la bati, lenye kufuli mbili. Ndani mlikuwa na kopo la Blue Band, na ndani ya kopo, kwenye kipande cha kanga kilichochakaa, risasi nne za shotigani. Maganda yake yalikuwa mekundu wakati yananunuliwa. Sasa yamepauka kama pilipili iliyosahaulika juani, na vitako vyake vya shaba vimeota kutu ya kijani. Mzee alizipanga moja moja juu ya mkeka kama mtu anayehesabu vidonge vya mgonjwa. "Hizi ni za tangu enzi za Mkapa, mwanangu," aliniambia. "Sijui hata kama zitalia. Nguruwe wakiingia shambani siku hizi nachukua debe."

Nyumba yake iko Lumemo, upande ule ambao mto ukifura maji huja hadi barazani. Shamba la mpunga liko mbali kidogo, kule ambako watu wa Ifakara huhamia msimu mzima na kulala kwenye dungu. Bunduki ina leseni. Mwenye bunduki ana akili timamu na hana kesi na mtu. Kinachokosekana ni risasi, nayo haipatikani kwa muuza duka wa mtaani. Kuisaka ni safari, barua, nauli na kusubiri, na mzee ameshachoka na vyote vinne.

Nilipomsimulia habari hizi rafiki yangu anayeishi Texas, alicheka kwanza, kisha akauliza swali ambalo limenikalia kichwani hadi leo: "Sasa kaka, kwa nini mzee asijaze mwenyewe?"

Rafiki huyu tulisoma pamoja. Baba yake alikuwa fundi baiskeli, na yeye alikulia kwenye kile kibanda, mikono ina grisi tangu darasa la tatu. Huko aliko sasa ana meza kwenye banda la gari, na siku hiyo aliegemeza simu kwenye kopo la kahawa ili nione. Kilikuwa kibanda cha baba yake hasa, ila safi zaidi. Kila kitu kina msumari wake ukutani. Kwenye ukingo wa meza kumefungwa presi ya chuma, yenye mkono mrefu kama wa pampu ya kisima. Kushoto kuna ndoo ya maganda machafu. Pembeni kuna pipa dogo linalotetemeka, ambamo maganda hayo husuguliwa kwa magunzi ya mahindi yaliyosagwa. Nilimwomba arudie hapo, nikidhani nimesikia vibaya. Ni magunzi kweli, haya haya tunayowashia moto, huko yanauzwa kwa mfuko.

Kwa asiyejua: risasi moja ina vitu vinne. Kuna ganda la shaba ya njano, kuna fataki ndogo kitakoni, kuna baruti ndani, na kuna kichwa kinachoruka. Ikishalia, fataki imekufa, baruti imeungua, kichwa kimekwenda zake. Ganda linabaki, na ganda ndilo ghali. Mtu aliyelipa bei ya ganda na kulitupa mara moja ni sawa na anayenunua soda na kuvunja chupa. Hapo ndipo kazi ya kujaza upya ilipozaliwa, na Marekani imekuwa na viwanda vyake vya vifaa kwa miaka mingi: Lyman tangu 1878, RCBS tangu 1943, Lee tangu 1958. Watu hujaza ili kupunguza gharama, au kwa sababu bunduki yao ni ya zamani na hakuna kiwanda kinachoitengenezea tena. Wengine, sitaficha, hujaza kwa raha tu, kama wengine wanavyofuga njiwa.

Rafiki yangu alikuwa na kazi mbili mezani wiki hiyo. Ya kwanza ilikuwa risasi za msimu wa kuwinda kulungu. Ya pili ndiyo iliyomtoa jasho. Alikuwa amenunua bunduki kuukuu ya Kiingereza ya .303, aina ambayo babu yake aliibeba alipokuwa askari wa KAR, jeshi la mkoloni Mwingereza. Bunduki hizi zilitengenezwa na chumba kipana, ili tope la vita lisizikwamishe. Ubaya wake ni kwamba ganda hutanuka kila linapolia, na likijazwa mara kadhaa huanza kupasuka karibu na kitako. Alinionyesha moja lililokwisha: mstari mwembamba unaong'aa, kama unywele, umelizunguka ganda. Alilibana kwenye jiliwa akalipondaponda kwa koleo ili lisije likarudi ndooni kwa bahati mbaya. "Hili lingenivunjia jicho," alisema, akaandika kitu kwenye daftari.

Daftari hilo ndilo ninalotaka msomaji alikumbuke. Ni la kawaida, la mistari. Kila kundi la maganda lina ukurasa wake: yamejazwa lini, baruti gani, kiasi gani, mara ya ngapi, yalifanya nini. Juu ya meza pana kopo moja tu la baruti. Akimaliza nalo hulirudisha kabatini kabla ya kugusa jingine, kwa sababu baruti mbili zinaweza kufanana kama mchele na mchele, moja ikatosha na nyingine, kwa kipimo kilekile, ikapasua mtutu. Maganda yaliyokwisha kutiwa baruti husimama kwenye kibao chenye matundu 50, naye hupita juu yake na tochi akichungulia moja baada ya jingine, asije akawa amejaza mara mbili. Hapigi simu wala hafungui redio akiwa kwenye hatua hiyo. Aliponipigia ilikuwa ni zamu ya kusafisha tu.

Baruti wenzetu huipima kwa punje. Asili yake ni punje ya shayiri. Leo ni miligramu 64.8, na ratili moja ina punje 7,000. Kwa mtu wa Ifakara, punje moja ya baruti ni kama punje tatu za mchele wetu uliokobolewa. Rafiki yangu anasema tofauti ya punje mbili humkosesha usingizi.

Swali lake sikulijibu siku ile. Nilimwambia tu "sheria hairuhusu", jibu la mvivu. Sheria zina historia, na hii yetu ina historia ndefu iliyopita papa hapa bondeni.

Kiswahili chenyewe kimeihifadhi. Wazee wa pwani walizipanga bunduki kwa namna zinavyopokea moto: bunduki ya mrao, inayowashwa kwa utambi; bunduki ya gumegume, inayopiga jiwe; bunduki ya fataki; na mwisho ikaja bunduki ya viasi. Kiasi, neno lilelile la kipimo, lilikuwa pia jina la risasi nzima yenye ganda lake. Waliona kitu ambacho sisi hatukioni tena tunaposema "risasi", neno ambalo asili yake ni madini tu, ile risasi nzito ya kijivu. Waliona kwamba jipya katika bunduki ile lilikuwa kipimo kilichokwisha kupimwa na mtu mwingine, mahali pengine, kikafungwa.

Kabla ya viasi kila mwenye bunduki alikuwa mjazaji. Gobore halina namna nyingine. Unamimina baruti kwa mdomo wa mtutu, unatia kitambaa, unatia gololi, unashindilia kwa mdeki, unaweka fataki, halafu unaomba Mungu. Meza yote ya rafiki yangu, pamoja na pipa na mizani, mwindaji wa gobore huibeba kiunoni: pembe, mfuko na fimbo. Tofauti ni daftari. Mwenye gobore hupima kwa jicho, na kwa miaka mingi jicho lilitosha, kwa sababu baruti nyeusi ya kale ni mvumilivu. Ukizidisha kidogo utapigwa bega, utaona moshi, basi.

Wakati mwingine si bega tu. Frederick Selous, Mwingereza ambaye jina lake lilikuja kubandikwa kwenye pori kubwa linalopakana na bonde letu, alianza kuwinda tembo kusini mwa Afrika miaka ya 1870 kwa gobore zito la tundu pana, akichota baruti kwa mkono kutoka kwenye mfuko wa ngozi. Siku moja bunduki iligoma, mbeba bunduki wake akaijaza tena bila kujua kwamba kiasi cha kwanza bado kimo ndani. Ilipolia, Selous alirushwa hewani akaanguka kifudifudi. Aliandika mwenyewe kwamba magobore yale yaliharibu mishipa yake ya fahamu kwa maisha yote. Aliuawa kwa risasi Beho Beho tarehe 4 Januari 1917, katika nchi ya mto Rufiji, ambako maji ya Kilombero yetu huishia.

Mambo yalibadilika mwaka 1884, Mfaransa Paul Vieille alipotengeneza baruti isiyo na moshi. Nguvu yake ni karibu mara tatu ya ile nyeusi, na haina uvumilivu wowote. Tangu hapo kipimo cha jicho kikawa hatari, na hii ndiyo sababu mtu anayechukua baruti ya kisasa na kuishindilia kwenye gobore hupoteza vidole. Mtutu wa gobore, hasa ule uliofuliwa kijijini kutokana na bomba, haukutengenezwa kubeba kishindo hicho. Sayansi ilimtenga mwenye gobore na baruti mpya. Siasa ikamalizia.

Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia bara kila mwaka kupitia kisiwa kile. Nyingi zilikuwa takataka za majeshi ya Ulaya: kila jeshi lilipobadilisha silaha, za zamani zilishushwa Zanzibar. Miaka miwili baadaye mataifa yalikutana Brussels, yakasaini mapatano ambayo shuleni tunafundishwa kuwa ya kukomesha utumwa. Yalikuwa hayo, lakini yalikuwa na vifungu vya silaha pia. Kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa Ikweta, Mwafrika hakutakiwa kupata bunduki ya kisasa wala viasi vyake. Bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, na baruti ya kawaida ya biashara, ziliruhusiwa chini ya uangalizi.

Tazama ujanja wake. Mababu zetu hawakunyang'anywa bunduki zote. Walifungiwa upande wa gobore, na upande wa viasi akabaki mwenye serikali. Gobore tunalolitazama leo kama alama ya ushamba wa mwindaji wa kijijini lilibakizwa hapa kwa makusudi, kwa kalamu, na watu ambao hawakuwahi kuona nguruwe pori.

Matokeo yalionekana Mahenge tarehe 30 Agosti 1905. Maelfu ya Wapogoro na Wambunga waliliendea boma la Wajerumani wakiwa na mikuki, magobore na maji ya dawa. Ndani ya boma kulikuwa na bombomu mbili. Sitaisimulia siku hiyo. Imesimuliwa na kila mzee wa Ulanga. Nataka kusema jambo moja tu juu ya dawa ile, ambalo naona hupita bila kutazamwa. Dawa haikuahidi kuzuia bunduki isilie, wala kumgeuza askari jiwe. Iliahidi kwamba risasi itakuwa maji. Watu walijua nguvu ya adui inakaa wapi: ndani ya kile kiasi kilichofungwa kiwandani, wasichoweza kukitengeneza wala kukijaza tena.

Baada ya vita bunduki zilikusanywa kusini kote, njaa ikafuata, na pori likarudi kwenye mashamba. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri ameandika kuhusu Uzaramo jinsi nguruwe pori, njaa na masharti ya Wajerumani dhidi ya uwindaji yalivyosukana tangu kabla ya Maji Maji. Nguruwe wa mzee wa Lumemo ana ukoo mrefu.

Kisha ikaja zamu ya mkoloni mwenyewe kukosa viasi. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, maana ndiyo mara pekee ninayoijua ambapo kazi ya meza ya kujazia risasi ilifanywa katika nchi hii kwa kipimo cha kiwanda. Vita vya 1914 vilipoanza, makampuni 6 tu kati ya 14 ya askari wa Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, yalikuwa na bunduki mpya. Yaliyobaki yalibeba bunduki za muundo wa 1871, ambazo kila zikilia hutoa wingu la moshi na kumwonyesha adui askari alipolala. Bahari ilikuwa imefungwa na Waingereza. Aprili 1915 meli iitwayo Rubens, iliyojifanya ya Kidenmaki, ilipenya hadi ghuba ya Manza kaskazini mwa Tanga ikiwa na shehena ya silaha. Ilipigwa mizinga na manowari ya Kiingereza ikazama kwenye maji mafupi. Wajerumani na askari wao walizamia na kuitoa shehena, sanduku kwa sanduku.

Lakini risasi zilikuwa zimekunywa maji ya chumvi. Siku zilivyopita baruti iliharibika, fataki zikafa, na bunduki zikawa zinagoma. Lettow-Vorbeck ameeleza katika kumbukumbu zake walivyofanya: walizifungua zote. Kwa miezi kadhaa, askari wote waliopatikana pale Moshi walikaa kutwa, asubuhi hadi jioni, wakichomoa vichwa, wakisafisha baruti, wakibadilisha fataki kwa nyingine za muundo tofauti zilizokutwa nchini, na kufunga upya. Risasi ambazo hazikuguswa na maji ziliwekwa kwa ajili ya bombomu. Zile zilizofungwa upya zilijaribiwa kwa mafungu: fungu ambalo risasi 20 hivi katika 100 ziligoma lilipelekwa vitani. Mafungu mabaya zaidi yalibaki ya mazoezi.

Hebu fikiri kwenda vitani ukijua kwamba katika kila risasi 5 moja haitalia. Fikiri pia nani alikuwa akizifunga. Walikuwa Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema, vijana ambao kwa sheria ya Brussels hawakutakiwa hata kukimiliki kiasi kimoja. Sasa walikuwa wakivijaza kwa maelfu, kwa mikono, na vita vya Mjerumani vikawa vinategemea vidole vyao. Ujuzi huo haukurithiwa na mtu. Oktoba 1917 jeshi la Wabelgiji liliingia Mahenge, Novemba Lettow-Vorbeck akavuka Ruvuma hadi Ngomano, akateka bunduki na risasi za Wareno, na tatizo lake likaisha bila meza.

Tuje leo. Silaha za kiraia nchini zinaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kutengeneza risasi bila leseni ya utengenezaji ni kosa, na mtu wa kawaida hapewi leseni hiyo ili ajaze ganda lake chini ya mwembe. Risasi za ndani ni kazi ya Shirika la Mzinga la Morogoro, lililo chini ya wizara ya ulinzi. Jina hilo lina utani ndani yake, kwa sababu mzinga ni wa kivita na ni wa nyuki pia, nami nitarudi kwenye ule wa nyuki. Magobore yasiyo na kibali yamekuwa yakiitwa nyumbani kwa awamu. Mwaka 2023, kwa mfano, serikali ilitoa msamaha wa miezi miwili, Septemba na Oktoba, kwa atakayesalimisha silaha kwa hiari.

Nchi nyingine zimechora mstari mahali pengine. Afrika Kusini, kwa sheria ya mwaka 2000, mwenye bunduki ya leseni anaweza kujijazia risasi za matumizi yake. Asiwe na zaidi ya risasi 200 kwa bunduki wala fataki zaidi ya 2,400, isipokuwa awe mwindaji au mlengaji anayetambuliwa rasmi. Mwaka 2021 serikali yao ilipeleka rasimu ya kukataza kujaza kabisa, na makelele yaliyofuata hayajaisha masikioni mwao. Uingereza huruhusu kujaza, lakini kwa sheria ya 2006 huuziwi fataki bila kuonyesha cheti. Wamejua pa kubana. Ganda utaliokota, kichwa utakimimina kwa risasi ya betri kuukuu, ila fataki haitengenezeki jikoni kwa urahisi. Ukishika fataki umeshika vyote.

Je, Lumemo iruhusiwe meza? Nimelizungusha swali hili kwa muda mrefu, na jibu langu ni hapana. Sababu zangu si zile za afisa.

Ya kwanza ni unyevu. Bonde hili ni ardhi oevu ya kimataifa tangu 2002, karibu kilomita za mraba 8,000, na kwa miezi kadhaa hata chumvi ndani ya kopo hulia machozi. Baruti na fataki hazipendi hali hiyo; yaliyowapata Wajerumani Manza yangempata mzee ndani ya masika moja bila kuzama popote. Ya pili ni nyumba zetu. Rafiki yangu ana banda lenye mlango wake na kabati lake. Kwetu chumba kimoja ni ghala la mpunga, kitanda cha wajukuu na mahali pa kuwekea kibatari. Ya tatu ni sheshe, swala wa nyika zetu. Bonde la Kilombero liliwahi kuhesabiwa kuwa na sheshe wengi kuliko mahali pengine popote duniani, na aliyetembea nyikani hivi karibuni anajua walivyopungua. Mwaka 2023 sehemu ya bonde ilipandishwa kuwa pori la akiba. Aliyewapunguza zaidi ni jembe, ng'ombe na mtego wa waya, gobore likifuata nyuma, kwa maoni yangu; lakini meza 100 za kujazia risasi zisingemsaidia hata mmoja.

Basi meza hapana. Ila hali iliyopo nayo ni udhibiti wa macho tu. Tunaisajili bunduki, tunaipa namba, tunampiga picha mwenyewe, halafu risasi tunaiacha mbali kiasi kwamba mwaminifu anakata tamaa. Asiye mwaminifu hana shida hiyo, kwa sababu hana leseni ya kupoteza, na gobore lake halihitaji ganda. Sera inayomwacha mzee na debe na kumwachia jirani gobore imewapima watu kwa kipimo cha kinyume.

Debe, kwa haki, si kitu cha kudharau. Wakulima wa bonde wana mbinu zao: moto, pilipili iliyochomwa na kinyesi cha tembo, mbwa, ulingo na sauti. Karibu na Udzungwa, upande wa Mang'ula, kuna uzio wa mizinga ya nyuki iliyoning'inizwa kwenye waya. Tembo akigusa waya mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, na tembo anajifikiria upya. Wazo hilo lilisambazwa kutoka Kenya na mtafiti Lucy King, na mzinga wa aina hii huleta asali. Kwa tembo ni dawa. Kwa nguruwe, anayekuja usiku akiwa na watoto wanane na pua ya trekta, nyuki amelala. Yule aliyeharibiwa shamba na wanyama wanaotambuliwa anaweza kuomba kifuta jasho. Kanuni za 2011 ziliweka kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari, kwa kutegemea umbali wa shamba na hifadhi, na kwa ekari zisizozidi 5. Jina lenyewe linasema: kufuta jasho, si kulipa mpunga.

Ninachokitamani kutoka kwenye ile meza ya Texas ni daftari lake, wala si presi. Kule, mtu binafsi asiye na cheo anaweza kukuambia kila ganda alilonalo lilikolia na limebakiza maisha mangapi. Kwetu dola nzima inahesabu bunduki, kitu kinachodumu miaka 100, na haihesabu kwa ukaribu kile kinachotumika na kuisha. Kuna njia rahisi ya kulipindua hilo. Risasi chache za kulinda mashamba ziwekwe kituo cha polisi cha tarafa, na mwenye leseni apewe, tuseme, sita kwa msimu. Akitaka nyingine alete maganda. Ganda kwa ganda, na kila moja liandikwe: tarehe, shamba, mnyama. Ganda lisiporudi, mwenye bunduki aeleze. Maganda yenyewe yarudi Morogoro yakajazwe huko au yayeyushwe. Mwaka mmoja wa daftari hilo ungetuambia habari nyingi zaidi za nguruwe, viboko na ujangili kuliko semina zote zinazofanywa kwenye kumbi za Ifakara, chai na vitafunwa vikiwemo.

Nilimpelekea mzee wazo hili wiki mbili baadaye. Alikuwa anasuka kamba ya kutundikia debe jipya. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza askari wa zamu ni mmoja au wawili. Nikasema labda mmoja. Akauliza kama anaishi pale pale kituoni. Sikujua.

"Nguruwe wanaingia saa nane ya usiku," alisema. "Mwezi wa nne, Lumemo imejaa, mimi niko ng'ambo kwenye dungu na hizo sita zangu zimekwisha. Huyo bwana mwenye ufunguo atavukaje?"

Akafunga fundo, akalijaribu debe kwa kijiti, na mbuzi wa jirani wakakimbia.